Jinsi Maradhi Yalivyobadili Safari katika Njia ya Tabora

Leo tunataka kuzungumza habari za njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Habari za pembe na za watumwa waliopitishwa humo zimekwisha simuliwa mara nyingi, nasi hatutazirudia. Tunataka kutazama jambo lisilosemwa sana, yaani maradhi yaliyopita katika njia hiyo pamoja na watu, na jinsi yalivyowafanya wasafiri wabadili mwendo wao, malazi yao, na hata wenzi wao wa safari.

Kwanza sharti tukumbuke mwendo wa siku zile. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya maili 500, na kila mzigo ulikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani katika mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kaze wakati ule, tarehe 7 Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akafika mwezi wa Juni. Wanyamwezi wenyewe, waliozaliwa katika kazi hiyo, walikwenda upesi kuliko wageni, walakini hata wao walihesabu safari kwa miezi. Waliondoka nyumbani baada ya mavuno, wakati njia imekauka, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia.

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini watu hawakutumia magari ya ng'ombe, kama walivyofanya watu wa kusini mwa Afrika? Jibu lake ni ugonjwa. Mbung'o wa porini huwaambukiza ng'ombe maradhi yanayowakondesha mpaka wakafa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price aliwaswaga ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akarudi akisema kwamba jambo hili lawezekana. Mwaka uliofuata yakaletwa magari yenyewe, na ng'ombe wakafa njiani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajaribu kwa namna nyingine: mwaka 1879 alileta tembo wanne waliofunzwa kazi Bara Hindi, wakateremshwa pwani karibu na Dar es Salaam mbele ya watu wengi waliokuja kushangaa. Tembo hao nao hawakudumu. Basi mzigo ukarudi kichwani pa Mnyamwezi. Ugonjwa wa wanyama ndio uliomfanya mwanadamu awe punda wa njia hii, na kwa kuwa mwanadamu ndiye aliyechukua kila kitu, maradhi ya mwanadamu nayo yalipata njia nzuri ya kusafiri.

Ugonjwa ulioogopwa kupita yote ulikuwa ndui. Leo ndui imekwisha duniani; Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo mwaka 1980, na vijana wengi hawajamwona mtu mwenye makovu yake usoni. Lakini wazee wa zamani waliijua vema. Burton aliandika jinsi msafara wake ulivyokutana na msafara mwingine mwaka 1857 katika milima ya Usagara, uliokuwa unashuka pwani. Watu wake wapatao hamsini walikuwa wamekufa kwa ndui. Waliosalia walikuwa wakijikokota, wengine macho yamefumba kwa vidonda, na kina mama wamebeba watoto walio wagonjwa kama wao. Hakuna aliyethubutu kuwasogelea. Aliyeanguka aliachwa pale alipoanguka, kwa maana hapakuwa na kijiji ambacho kingempokea.

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze jinsi ndui ilivyofanya kazi, maana bila ya hayo hatuwezi kufahamu mambo ya safari. Mtu akiambukizwa ndui hukaa kwa kadiri ya siku kumi na mbili akiwa mzima kabisa, anakula, anacheka, anabeba mzigo wake. Kisha hupata homa kali, na baada ya siku mbili tatu vipele hutokea. Tangu vipele vitokee mpaka magamba yadondoke, muda wa majuma matatu hivi, aweza kuwaambukiza wenzake. Basi fikirini: mpagazi aliyeambukizwa Bagamoyo siku ya kuondoka, alipofika Ugogo alikuwa ama amekwisha kufa ama amekwisha kupona. Ugonjwa wake haukuweza kufika Tabora kwa miguu yake mwenyewe. Ulihitaji mtu wa pili wa kuupokea, na wa tatu, na wa nne, mmoja baada ya mwingine, kama vile mzigo upokezanwavyo njiani.

Kwa hiyo msafara wa watu ishirini au thelathini, hasa ikiwa wengi wao walikwisha kuugua utotoni, ulikuwa kama moto uliowashwa juu ya jiwe. Ndui iliwaka kidogo ikazimika, na watu waliofika Tabora hawakuleta kitu. Lakini msafara wa watu mia tano au elfu moja ulikuwa na kuni za kutosha. Ndui ilipata siku zote mtu mpya wa kumrukia, nayo ikaingia Tabora ikiwa na nguvu zile zile ilizotoka nazo pwani.

Sasa kwa nini watu walisafiri kwa makundi makubwa hivyo? Kwa sababu ya vita na wanyang'anyi, na kwa sababu ya hongo. Katika Ugogo kila mtemi alidai hongo kabla ya kutoa ruhusa ya kupita na kuteka maji, na msafara mdogo ulionewa kwa urahisi. Tena mwaka 1871 vita vilizuka baina ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley alilazimika kuizunguka vita kwa upande wa kusini ili afike kwa Livingstone. Wafanya biashara wengine walingoja Tabora kwa miezi, watu juu ya watu, mpaka wapate kuwa jeshi la kutosha kupita. Basi msafiri wa siku zile alikuwa kati ya hofu mbili. Hofu ya vita ilimwambia, Nenda na watu wengi. Hofu ya ndui ilimwambia, Nenda na watu wachache. Sisi tunaona kwamba habari nyingi za njia hii haziwezi kuelewa mpaka hofu hizi mbili zipimwe pamoja, na kwa kawaida hofu ya vita ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa mkuki huonekana kwa macho.

Watu wa vijijini hawakukaa bure. Katika makabila mengi ilikuwa desturi kumtoa mgonjwa wa ndui kijijini na kumjengea kibanda porini, akatunzwa na mtu aliyekwisha kuugua zamani, kwa maana ilijulikana sana kwamba ndui haimpati mtu mara ya pili. Ilipovuma habari kwamba msafara unaokuja una wagonjwa, milango ya boma ilifungwa, na wageni wakaambiwa wapige kambi mbali. Wazungu waliopita walipenda kuandika kwamba hawa ni watu wakali wasio na ukarimu. Sisi tunaona vingine. Mwenyeji aliyefunga mlango wake mbele ya ndui alikuwa akifanya jambo lile lile ambalo miji ya Ulaya ilifanya kwa merikebu zilizotoka katika nchi zenye tauni, walipoziweka siku arobaini mbali na bandari. Na neno karantini asili yake ni hizo siku arobaini.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Desturi hii ilikuwa na upande wake wa uchungu, na uchungu huo ulimwangukia mpagazi. Mlango wa kijiji ukifungwa, mwenye msafara alikuwa na hema lake, dawa zake, na nguo za kununulia chakula kwa bei yo yote. Mpagazi aliyeshikwa na homa hakuwa na kitu. Mzigo wake uligawiwa wenzake, kwa maana mzigo una thamani na lazima ufike, naye asiyebeba mzigo posho yake ilikuwa mashakani. Wengine ndugu zao waliwashika mkono wakatembea nao nyuma polepole. Wengine waliachwa chini ya mti na kibuyu cha maji. Hesabu yao haikuandikwa na mtu.

Ujiji nayo ilionja mambo haya. Stanley aliporudi huko katikati ya mwaka 1876, baada ya kulizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua, alikuta ndui inaua watu kila siku mjini, na baadhi ya watu wake aliowaacha wamekufa. Alikuwa amewachanja watu wake mwanzoni mwa safari, lakini si wote waliokubali au waliokuwapo siku ile, nao wasiochanjwa ndio walioshikwa. Akafanya haraka kuvuka ziwa kwenda Manyema, na watu wake wengi wakamtoroka. Watu wanaotoroka mji wenye maradhi hurudi kwao, na njia ya kurudi kwao ilikuwa ile ile ya Tabora.

Kipindupindu kilikuwa na tabia nyingine. Hakingoji majuma, mtu aweza kuwa mzima asubuhi na kufa usiku. Katika mwaka 1869 kilishuka kutoka upande wa kaskazini, kikapita nchi ya Wamasai mpaka Pangani, na mwishoni mwa mwaka huo kikaingia mji wa Unguja. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, aliwauliza wenye misafara mmoja mmoja wametoka wapi, wamelala wapi, wameona nini, mpaka akaweza kuichora njia ya ugonjwa nyuma mpaka Bahari ya Sham. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876, na twaweza kukisifu kwa jambo hili, kwamba mwandishi alitambua kuwa viongozi wa misafara walikuwa na elimu asiyokuwa nayo yeye. Kipindupindu hicho kikaingia bara pia kwa njia ya misafara. Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870 akingojea mizigo yake, alipata habari kwamba baadhi ya wapagazi waliotumwa kwake wamekufa kwa kipindupindu, na mizigo imechelewa. Kwa ugonjwa huu hatari ilikuwa kisima kuliko kambi. Katika Mgunda Mkali, lile pori kavu lililo baina ya Ugogo na Unyamwezi, misafara yote ilikunywa katika visima vichache vile vile, iliyokwenda na iliyorudi.

Basi Tabora yenyewe ilikuwaje? Tusifikiri mji wa nyumba zilizosongamana kama Unguja. Tabora ya misafara ilikuwa kama vijiji vingi vilivyotawanyika, matembe makubwa ya Waarabu na ya Waswahili, kila moja na ua wake na bustani yake, na mashamba katikati. Kwihara, mahali alipokaa Stanley na baadaye Livingstone mwaka 1872, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini, na tembe lao laonyeshwa wageni hata leo. Wapagazi walipiga kambi zao pembeni. Hatusemi kwamba mji ulijengwa hivyo kwa ajili ya kukimbia maradhi. Ulijengwa hivyo kwa sababu kila bwana alitaka mahali pa watu wake na mizigo yake. Hata hivyo nafasi ile ilisaidia. Palipokuwa na ndui katika tembe moja, tembe la pili liliweza kujifungia. Mtaa wa reli uliokuja baadaye haukuwa na nafasi hiyo.

Kuna mgeni mmoja aliyekuja kinyume cha wengine wote, naye ni funza. Ndui na kipindupindu vilipanda kutoka pwani kwenda bara. Funza alishuka kutoka bara kwenda pwani. Hakuwapo Afrika ya Mashariki hapo kale. Alitoka Brazili katika merikebu, akafika pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka Kongo yote ndani ya vidole vya watu, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Mtu anayekwenda kwa miguu mitupu akipata funza asipomtoa mapema, kidole huoza. Mkulima aliyepatwa aweza kukaa nyumbani. Mpagazi aliyepatwa amepoteza kazi yake. Watu wakajifunza kukaa kila jioni, kambini, na kutazamana miguu, mwenye macho mazuri akishika mwiba au sindano. Kazi hii, iliyokuwa haipo katika safari za baba zao, ikawa sehemu ya safari kama kupika ugali.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ambao kwa maoni yetu waonyesha zaidi ya mengine yote jinsi njia yenyewe iwezavyo kuwa mgonjwa. Ni homa ya papasi. Papasi ni mdudu kama kupe, hana haraka, hukaa katika vumbi la sakafu kavu na katika nyufa za ukuta wa udongo, hasa karibu na jiko. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Kila kituo cha njia kuu kilikuwa na vibanda vya wasafiri, na vibanda hivyo vilitumiwa na msafara huu leo, na mwingine kesho, mwaka baada ya mwaka. Mapapasi walikaa wakasubiri, chakula kikaja chenyewe kila jioni.

Mwaka 1905 daktari maarufu wa Kidachi, Robert Koch, alikuja nchini akaifuata njia ya misafara kutoka Morogoro kwenda Iringa, akichimbua sakafu za vibanda vya kulala wasafiri. Akawakuta mapapasi karibu kila kibanda, akaona katika miili yao vijidudu vya homa ile, hata katika mayai yao, yaani mtoto wa papasi huzaliwa na ugonjwa ndani yake. Mwaka huo huo wachunguzi wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakichunguza jambo hilo hilo huko Kongo. Wote wawili waliugua, na Dutton akafa Kasongo, mji wa biashara uliokuwa mwisho mwingine wa njia yetu hii ng'ambo ya Ujiji. Koch aliona tena kwamba wenyeji wakubwa hawaugui sana, maana walikwisha kuipata homa hiyo utotoni. Waliougua ni wageni.

Shauri alilotoa Koch halikuhitaji dawa wala fedha. Alisema msafiri asilale katika kibanda cha zamani, wala karibu nacho. Apige hema lake hatua kadhaa mbali, mahali papya, papasi hawezi kumfuata, kwa kuwa papasi hatembei mbali. Hebu tafakarini jambo hili. Kwa miaka hamsini wasafiri walifikiri kwamba hatari i porini na usalama u katika kibanda. Sasa waliambiwa kwamba kibanda ndicho hatari. Mwenye hema aliweza kulitii shauri hilo usiku ule ule. Mpagazi asiye na hema alikuwa na nyota juu, na simba karibu, na mvua ikinyesha alirudi kibandani.

Wakati Koch alipokuwa akichimbua sakafu, Wadachi walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa safari ya siku mbili tatu. Vibanda vya njiani vikaanguka, mapapasi wakafa njaa au wakahamia katika nyumba za watu. Vituo vilivyokuwa na soko kubwa vikawa mbuga, na mahali pasipokuwa na kitu pakawa mji kwa sababu injini ilihitaji maji pale. Mambo hayo yote yameandikwa katika vitabu vya shule. Lililosahauliwa ni kwamba reli iliondoa ile kinga ya polepole. Tulisema kwamba mtu aliyeambukizwa ndui pwani hakuweza kufika Tabora akiwa bado mzima. Katika gari la moshi aliweza kufika akiwa na siku tisa za uzima mbele yake, akamsalimu kila mtu, akalala kwa shangazi yake, akaenda sokoni. Kwa bahati njema kuchanja kulikuwa kumeenea kidogo kabla ya hapo, kwa maana Wadachi walikuwa wamekwisha kuwachanja watu wengi, na ndui haikupata kuitumia reli kama ambavyo ingeweza.

Ugonjwa ulioitumia ni homa ya mafua ya mwaka 1918. Ilikuja kwa merikebu mpaka Mombasa mwishoni mwa vita kuu, na kutoka bandarini ikapanda magari ya moshi pamoja na askari na wapagazi wa vita. Mafua hayo yalikuwa na haraka iliyolingana na haraka ya reli: mtu huambukizwa leo, na baada ya siku moja, mbili au tatu anaugua. Na nchi ilikuwa katika hali mbaya ya kuyapokea. Miaka minne ya vita ilikuwa imewachukua watu maelfu kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, wakafa wengi kwa kuhara na kwa njaa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao. Chakula kilikuwa kimeporwa. Mwezi wa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, askari wake na wapagazi walivushwa ziwani mpaka Kigoma, wakapandishwa garini, wakaletwa Tabora, wakawekwa kambini. Mafua yaliwapiga katika safari hiyo na katika makambi. Watu waliokwepa risasi kwa miaka minne wakafa kwa kikohozi, wamelala safu safu, karibu na reli ambayo ingewachukua kwao.

Hapakuwa na mlango wa kufunga. Mzee wa kijiji aliyejua kuukataa msafara wa ndui, angelikataaje gari la moshi? Habari ya ugonjwa na ugonjwa wenyewe vilifika siku moja. Waliosikia habari mapema walifanya kama baba zao, wakahamia mashambani, wakajenga vibanda mbali mbali, wasitembeleane. Waliokaa karibu na stesheni hawakuwa na wasaa.

Baada ya vita, Waingereza walipoishika nchi, kinga ya polepole ilirudishwa kwa amri. Ugonjwa uliosababisha hayo ni malale. Malale ya mbung'o yalionekana upande wa Maswa mwaka 1922, kisha yakaenea katika mapori ya magharibi, Tabora, Kahama, mpaka Uha. Serikali ikawahamisha watu waliokaa mmoja mmoja porini, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa pande zote, ili mbung'o wasiwakaribie. Vijiji vingi vilivyokuwa kando ya njia za zamani viliachwa vikawa pori. Mtu aliyetaka kuingia katika mapori yaliyofungwa, hata mrina asali ambaye babu yake alirina pale, ilimpasa kupata ruhusa.

Tena barabarani pakawekwa walinzi wa mbung'o. Mtu mwenye baiskeli akifika pale hushuka, husimama, na mlinzi humzunguka na kijavu, akiwatafuta mbung'o mgongoni na chini ya kiti, maana mbung'o hupenda kumfuata mtu anayetembea na kutua nyuma yake asipoonekana. Gari la motokaa liliingizwa ndani ya banda, likafungiwa humo mpaka litafutwe kila pembe. Watu walicheka mwanzoni, wakasema serikali yakagua nzi kama wakaguavyo forodhani. Lakini mtu aliyemwona ndugu yake akisinzia mpaka kufa hakucheka. Kwa maoni yetu walinzi wale wenye vyavu walikuwa na maana kuliko amri nyingi zilizotolewa wakati ule, kwa sababu walimzuia mdudu na kumwacha mtu apite. Makazi yale ya kukusanywa yalimzuia mtu. Yaliokoa maisha, hatukatai, lakini yaliwanyima wengi mashamba na asali na makaburi ya wazee wao, na hawakuulizwa.

Tumekuja sasa mpaka siku zetu. Mwezi wa Machi 2020 korona ilipofika Tanzania, mambo ya njia yakaanza tena. Katika Dar es Salaam wenye daladala waliagizwa wachukue abiria waliokaa vitini tu, asisimame mtu. Foleni za kituoni zikawa ndefu, na mfanya kazi aliyezoea kutoka nyumbani alfajiri akatoka kabla ya alfajiri. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa stendi za mabasi. Aliyekuwa na gari lake mwenyewe akapanda peke yake, kama vile mwenye hema wa zamani.

Na katika nchi yetu ya magharibi jambo lilionekana kule mpakani. Kutoka Tabora reli yapanda kaskazini mpaka Isaka, na kutoka Isaka malori huchukua shehena za Rwanda kupitia Rusumo. Ni karibu na tawi lile la njia ya zamani lililotoka Tabora kwenda Karagwe, ambalo Speke alilifuata mwaka 1861. Katika Aprili na Mei 2020, Rwanda ilipoona kwamba baadhi ya madereva wana ugonjwa, iliamuru dereva atokaye nje amwachie dereva wa Rwanda lori lake mpakani. Madereva wa Tanzania walikataa. Walisema lori wamekabidhiwa wao, na likipotea au kuharibika ni wao watakaoulizwa. Malori yakasimama foleni Rusumo siku nyingi. Katikati ya Mei serikali mbili zikapatana jinsi ya kushusha shehena na kusindikiza vitu vinavyooza visiharibike.

Wakati wa mashauriano hayo madereva walikuwa pale pale barabarani. Walilala ndani ya malori, wakapika kando ya magurudumu, na wanavijiji waliozoea kuwauzia chakula wakawa wanawaogopa.